Asali ya Kuoshea Kichwa

Mtambile,
14 Juni 1959

Ndugu yangu Msellem,

Assalaam aleikum. Barua hii ikikufika jua imeandikwa na dada yako akiwa mzima wa mwili, na uchovu wake tusiuhesabu katika maradhi. Mwanangu Time hajambo, anakimbia sasa, na kila akimwona kuku anadhani ni wetu. Mume wangu Mbarouk aliandika kutoka Mombasa baada ya Idi ndogo, akasema kazi ya bandarini ipo, mgongo ndio haupo. Tangu hapo kimya. Mgonjwa wangu, mama mkwe, ni vile vile ulivyomwacha: upande wa kulia uliopooza haujarudi, ulimi umerudi wote. Nipe habari za mama, magoti yake, na mbuzi wake yule mkorofi.

Nililokuandikia ni hili. Nina mba, Msellem. Usicheke. Si ule mba wa kupangusa begani ukasahau. Huu unatoka mapande, unaanguka juu ya mto wa kulalia na shukani kama unga wa muhogo, na kuwasha kwake hakuna mchana wala usiku. Jirani mmoja akaniambia ndimu, ikachoma mpaka machozi. Mwingine akasema mafuta ya taa, huyo nikamshukuru nikafunga mlango. Sabuni ya mche imezidisha. Ndipo nikamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akimwosha babu kichwa kwa asali, pale uani, na sisi tunafukuza nzi kwa makuti. Babu alilala siku ile mpaka tukaogopa. Basi niletee chupa moja ya asali mbichi, isiyopita motoni, na uniandikie ilivyochanganywa. Mimi nakumbuka nzi tu.

Mpe Khatib mwenye gari, ataichukua dukani Wete kama kawaida.

Mpaka hapa msomee mama. Karatasi hii ndogo niliyoikunja ndani ni yako peke yako.

Msellem, hujasahau fungate yangu. Mama alituma sinia ya vitumbua na chupa ya asali, nyumba ya bibi harusi iwalishe maharusi kama ilivyo ada. Vitumbua vililiwa. Chupa mama mkwe wangu, Bi Mwatum, aliirudisha jioni ile ile haijafunguliwa, na maneno juu yake: "Mwambieni, kuno kwetu twala sukari." Mimi nilihadithiwa baadaye, wewe ulikuwepo mama alipokula yamini mbili, akaapa pale kizingitini kwake: mkono wake hautatoa kitu kikaingia nyumba hii, na mguu wake hautaikanyaga. Miaka mitano haujaikanyaga. Mwanzo mimi nilikuwa nikija huko. Tangu Bi Mwatum aanguke, hata kisimani naenda mbio. Time hajamjua bibi yake, na mimi uso wa mama naanza kuuona vibaya, kama mtu anayetazama ndani ya maji.

Kwa hiyo asali itoke mkononi mwako wewe, kuanzia mzingani mpaka kwenye kizibo. Mama asiiguse. Nataka kuja kumwona bila ya deni la yamini baina yetu, nikipata siku ya kuja.

Dada yako,
Mwanawema


Kiuyu,
9 Julai 1959

Dada Mwanawema,

Waaleikum salaam. Sisi huku wazima, isipokuwa jicho langu la kushoto, na habari zake zinakuja. Magoti ya mama yanalia kila wingu likipita. Mbuzi kala ukili wote aliokuwa ameuanika mama kwa ajili ya mkeka, kisha akasimama anamtazama kama anayengoja ashukuriwe.

Nilimsomea mama barua mpaka pale uliposema. Nilipofika kwenye mba aliinua macho, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasuka kidogo, kisha akasema maneno si kitu cha mkononi, maneno huruka yenyewe, kwa hiyo haya ninayokuandikia ni yake na hayana dhambi.

Asema hivi. Asali iwe nyingi na maji kidogo, maji ya vuguvugu, iteleze tu vidoleni. Isipakwe juu ya nywele, ipite baina ya nywele mpaka kwenye ngozi, kwa ncha za vidole. Kucha ziwe zimekatwa, maana mba ukikwaruzwa unatoa damu na damu inaleta usaha. Kichwa kifungwe kitambaa cha zamani, kikae hivyo toka adhuhuri mpaka alasiri, kisha kioshwe kwa maji ya vuguvugu, pole pole, bila ya sabuni. Siku moja uoshe, siku moja upumzishe. Kuwasha kutaondoka mwanzo, maganda yatafuata nyuma, usikate tamaa yakichelewa. Na asali isiwekwe jikoni hata kidogo. Ikipata moto inabaki utamu, dawa imekwenda.

Chupa hii nimeirina kutoka mzinga ule wa baba ulioko upande wa mikoko. Nilifukiza makumbi ya nazi mpaka nikakohoa kama mzee, na bado nyuki mmoja akaniuma hapo juu ya jicho. Nimechuja mwenyewe, nimeziba mwenyewe, kizibo cha makumbi na nta juu. Basi moyo wako utulie.

Mama amekonda kidogo, sitaki nikufiche. Juzi juzi alifunga siku tatu mfululizo, na Ramadhani imekwisha zamani. Nikamuuliza ni funga gani hiyo, akaniambia nishughulike na nyuki wangu. Labda ni uzee, wazee wana ibada zao.

Chupa irudishe, zilizobaki nyumbani zimevunjika shingo.

Mdogo wako,
Msellem


Mtambile,
2 Agosti 1959

Msellem, ndugu yangu,

Pole na jicho. Laiti ningekuona. Huku mvua zimekwisha, barabara imekauka, Khatib amenifikishia chupa nzima haijapungua hata kijiko, nikamwambia Mungu amzidishie. Time alipoiona akadai ni yake. Mbarouk hajaandika. Bi Mwatum jana kanitukana kwa sababu ya chai, kisha kaomba nyingine.

Asali imekuja safi. Nimeitazama juani, hakuna bawa la nyuki wala kipande cha sega. Sasa niambie, wewe ambaye ulikuwa ukichuja tui tunatafuna machicha, umejifunza wapi? Kaa huko ukipanda cheo, wala sikuulizi zaidi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nimechoka, maji ya vuguvugu yalikuwa machache, nikaosha nusu nusu nikasema inatosha. Alfajiri naamka nakuta sisimizi wamepanga mstari toka dirishani mpaka kwenye mto wa kulalia, wengine wameshafika kichwani. Kelele za siku ile zilisikika dukani. Nimewatoa mmoja mmoja. Sasa najua kwamba kuosha ndiyo nusu ya dawa, na miguu ya kitanda naisimamisha ndani ya makopo ya maji.

Lakini imefaa, Msellem. Wiki haijaisha kuwasha kukapungua. Maganda bado yanatoka lakini ni membamba, na ngozi ya chini si nyekundu tena. Usingizi umerudi nyumba hii. Juzi nilikaa sakafuni nimeegemea ukuta baada ya kuosha, nikasikia kimya, na nikalala pale pale mpaka Time akaja kunifunua macho kwa vidole.

Nyuma ya sikio kuna mahali pamepasuka hapataki kupona. Baba alikuwa akitumia gundi ile nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Ukiipata niletee, na nta kidogo. Na chupa ya pili, kama mizinga inaruhusu.

Hii ya kwanza nakurudishia tupu, naona haya. Chombo cha watu hakirudi kitupu, najua, sisi tumelelewa. Lakini nitakachokitia kitakuwa cha nyumba hii, na mama hatakipokea. Heri aibu iwe yangu.

Msalimu mama sana. Mwambie kichwa changu kinamshukuru.

Mwanawema


Kiuyu,
20 Septemba 1959

Dada yangu,

Unisamehe kwa kuchelewa. Karafuu zilinichukua, kisha homa ikanichukua kutoka kwa karafuu, nikalala siku nyingi natetemeka chini ya mikeka miwili. Maulidi nimeyasikia kwa mbali tu. Sasa nimeinuka, nimebaki masikio na mbavu. Mama hajambo. Mbuzi amezaa, na malezi yamemtuliza kidogo.

Hii hapa chupa ya pili. Nta iko ndani ya jani la mgomba, gundi ndani ya karatasi. Mama asema, maneno tu: kipande cha nta kama ncha ya kidole kiyeyushwe ndani ya mafuta ya nazi, bakuli juu ya maji ya moto, lisiguse moto wenyewe. Yakipoa yanaganda mepesi. Hayo ni ya siku ya kupumzisha, yapakwe kidogo kwenye ngozi inayokauka. Gundi ni ngumu, irowekwe ndani ya mafuta hayo hayo ya uvuguvugu mpaka yageuke rangi, kisha yapakwe pale nyuma ya sikio tu. Pakivimba au pakawasha, acha mara moja, maana wako ambao gundi ya nyuki haiwapendi.

Sasa dada, mimi si mjuzi lakini si kipofu. Chupa nzima haikutosha mwezi, na nywele zako ni zile zile ninazozijua. Na hao sisimizi: wewe hujalala kitandani tangu ulipohamia chumba cha Bi Mwatum. Uliniandikia mwenyewe mwaka jana kwamba unalala mkekani chini ya kitanda chake ili umsikie akiita. Sisimizi walipanda kitanda gani?

Mimi nauliza. Mama hajauliza lolote, na wewe unamjua. Mama akiuliza sana ujue hajui.

Sikufichi kwamba nakasirika kidogo. Ikiwa asali hii inakwenda pale ninapodhani, ungeniambia. Ningeileta hivyo hivyo. Mimi sikula yamini.

Msellem


Mtambile,
11 Oktoba 1959

Msellem,

Pole kwa homa. Ningekuwa huko ningekupikia uji wa pilipili manga, ukaukataa, nikakulazimisha.

Umesema kweli. Mimi sina mba. Niliandika "nina" kwa sababu ulikuwa utaisoma kwa sauti, na jina la Bi Mwatum halitajwi ndani ya nyumba ile. Kichwa ni chake. Mkono wake mmoja hauinuki, na ule mwingine ndio aliokuwa akijikunia mpaka mto ukawa na damu. Usiku kucha kraa, kraa, na mimi chini yake nasikia. Nilimkata kucha akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata siku ya kumzika mumewe hakulia mbele za watu.

Kwa hiyo kila siku ya kuosha namwinua, namweka kichwa pajani, namimina asali. Huyu mama ambaye aliirudisha. Mara ya kwanza vidole vyangu vilikuwa vigumu, nasema ukweli, nilitaka aulize imetoka wapi nimjibu. Hakuuliza. Hajauliza mpaka leo. Anafumba macho tu, na baada ya muda shingo yake inalegea, uzito wote wa kichwa unakuja mkononi mwangu, na mimi siwezi kumkasirikia mtu ambaye shingo yake imelegea.

Nimechoka, Msellem. Siwezi kulisema neno hili hapa, kwa sababu atakayelisikia atadhani namchoka mgonjwa. Simchoki yeye. Nimechoka kuwa peke yangu naye. Mbarouk ametuma salamu kwa mtu, salamu bila barua. Nikipika namsikiliza, nikisali namsikiliza. Siku nyingine namwosha kichwa na mimi natamani mtu aniambie, Mwanawema, sogea, nipe mimi. Mtu huyo ninayemtaka unamjua, na ndiye ambaye siwezi kumwita.

Nakuomba mambo mawili. Usimwambie mama. Na usiache kuniletea asali. Nyuma ya sikio pamefunga, gundi imefanya kazi. Lakini chupa ya pili ikifika ukingoni najua itakuwaje, kwa sababu uliponyamaza kwa homa tulikaa bila asali, na mba ukarudi wote, kama uliokuwa umekwenda sokoni tu. Dawa hii inatuliza, haifukuzi.

Dada yako,
Mwanawema


Kiuyu,
29 Novemba 1959

Dada Mwanawema,

Salamu, kisha unisikilize kwa utulivu. Sote wazima. Mvua za vuli zimekata njia, Khatib hakuvuka kwa muda, ndiyo maana umekaa bila jibu. Chupa ya tatu ndiyo hii.

Barua yako sikumsomea mama. Nilimwambia umesalimu, basi. Akaniuliza, "Karatasi mbili zote ni salamu?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nikae kitako.

Dada, nilikudanganya, na nilifanya hivyo kwa kuambiwa. Ile chupa ya kwanza mimi niliirina tu. Nilipofika uani na ndoo ya masega, mama alikuwa ameshaosha mikono, kitambaa cheupe kiko begani. Akaichukua ndoo. Nikamwambia, mama, dada amesema usiiguse, na wewe una yamini. Akanijibu, "Yamini yangu mie, na n'kono wangu mie. Weye kayatupe hayo makumbi." Amechuja yeye, ameziba yeye, ya kwanza na ya pili na hii uliyoishika. Akaniambia niandike kuwa nimechuja mwenyewe, ili usihangaike.

Na jina la mwenye kichwa alilijua tangu siku ile ya kwanza, niliporudia yale maneno ya mba. Juzi nilipokaa kitako ndipo aliponiambia. "Mwanawema hana mba, wala hajapata kuwa nao. Kichwa kile nimekisuka mie tangu kina vishungi viwili. N'tu anayewashwa mle ndani n'mmoja tu, na jina lake silitaji." Ndivyo alivyosema, na jina hakulitaja kweli.

Sasa mimi sina raha. Wewe ulikaa chuo cha Kurani ukahitimu, mimi kila siku mwalimu ananitafuta niko mizingani na baba. Sijui hukumu ya mtu aliyevunja kiapo kwa kusudi. Mama ni mtu mzima, anaumwa magoti, namwona anaswali huku ameshika ukuta. Sitaki aingie kaburini na jambo hili kwa ajili ya chupa zangu. Nimuulize shehe? Nikimuuliza mji mzima utajua. Niambie wewe.

Msellem


Mtambile,
13 Desemba 1959

Msellem, ndugu yangu,

Waaleikum salaam. Time ana mafua, mimi mzima.

Usimuulize shehe. Jibu uliniandikia mwenyewe mwezi wa Julai na hukulijua, na mimi niliyekaa chuoni nikalisoma nikalipita. Ulisema mama alifunga siku tatu mfululizo, na hakutaka kusema ni funga gani. Mtu akivunja yamini yake ana kafara: awalishe maskini kumi au awavishe, na asiyekuwa na uwezo huo afunge siku tatu. Mama anapata wapi chakula cha maskini kumi? Alichuja asali, akaziba chupa, akafunga siku zake tatu, akamaliza. Yamini ile haipo tena. Ilikwisha kabla chupa haijafika mkononi mwangu, na mimi miezi yote hii namlinda na dhambi ambayo ameshailipa kwa njaa yake.

Nilipoelewa nililia. Sikulia kwa huzuni, sijui nililia kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa na nafasi. Bi Mwatum akanisikia. Akaniita, "Weye, nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema, "Basi waliani?" Nikakaa pembeni ya kitanda nikamwambia yote, kiapo na funga na chupa. Nilikuwa nimechoka kuchagua maneno.

Kisha akasema, "Asali ino naijua tangu siku ya kwanza. Siku ile niliyoirudisha, kwanza nilikinusa kizibo. Ina harufu ya mikoko, kuno kwetu haipo." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanijibu, "Ningesema ungeniambia nishukuru, nami nilikuwa sijawa tayari."

Kisha akaniambia nimpe alambe. Nikamtilia kijiko, akakataa kijiko, akanipa kiganja cha ule mkono mzima. Nikamimina. Akalamba chote, pole pole, kama Time anavyolamba, mpaka mistari ya kiganja ikabaki mitupu. Akageukia ukutani. Nikadhani amelala, mara nikamsikia: "Mwambie mamako, mie nilimkosea. Ningemwendea nikamtaka radhi kwa miguu yangu. Mguu sina."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza, na safari hii msomee mama barua yote, usiruke.

Jana ameniambia chupa zako tupu anaziona kila zikipita mlangoni, na yeye hakulelewa kurudisha chombo cha watu kitupu. Nilitamani kumkumbusha kuwa aliwahi kurudisha kilichojaa, nikameza. Amenifundisha achari yake ya ndimu, ile anayosifiwa Mtambile nzima, mimi nakata yeye anatukana toka kitandani. Imo ndani ya chupa. Mama akiikataa, kula wewe, usiitupe na wala usiniandikie kuwa ameikataa.

Mba wake haujaisha. Namwosha kila wiki sasa, na ikipita wiki unarudi. Nimeshazoea kwamba hautaisha.

Mwanawema


Kiuyu,
4 Januari 1960

Dada yangu Mwanawema,

Salaam. Time na apone mafua yake.

Nimemsomea mama barua yote, sikuruka. Alikuwa anasuka ukili na hakuuacha. Nilipofika kwenye "mguu sina" vidole vilisimama. Nikangoja. Akasema, "Endelea, bado karatasi." Nikaendelea mpaka mwisho, akaendelea na ukili wake, na siku ile hakusema jambo jingine ila kumtukana mbuzi.

Siku ya pili mchana niliweka chupa ya achari juu ya mkeka bila ya kusema kitu. Akaifungua. Akatia kidogo kwenye wali, akala, akasema chumvi imezidi. Akatia tena. Mpaka tunanawa mikono chupa ilikuwa imeshuka nusu, na mimi niliambulia ndimu moja.

Jioni akaniuliza gari la Khatib linatoka Wete siku gani. Nikamwambia Alhamisi alfajiri. Akakata kipande cha nta, akakifunga kwenye pindo la kanga. Chupa kaijaza asali mwenyewe, na hii hakunipa mimi niibebe. Nikamwambia, mama, ile yamini ya mkono umeilipa, lakini ya pili ni ya mguu, ulisema hautaikanyaga nyumba ile. Akaniambia anajua alichokisema, alikuwepo.

Nitamsindikiza mpaka garini, kule umpokee wewe. Magoti yasipande ngazi bila ya mkono. Asema siku ya Alhamisi usimwoshe Bi Mwatum kichwa, usubiri, upumzike. Ataosha yeye.

Na asema toka Ijumaa umwekee daku, atakuwa na siku tatu za kufunga.

Msellem